Nahodha, Upepo na Injini

Ewe msomaji kijana, ikiwa unakaa Timau, au Nanyuki, au Nyeri, au katika mji mwingine wo wote ulio chini ya Mlima Kenya, yamkini hujapata kuiona bahari kwa macho yako. Hata maji ya Timau hayaijui bahari. Mto Timau hushuka kutoka mlimani ukaingia katika Ewaso Ng'iro, na Ewaso Ng'iro nao huteremka katika nchi kavu mpaka ukapotea katika kinamasi cha Lorian. Basi utauliza kwa haki: mimi mtu wa ngano na viazi, mtu wa baridi na ukungu, nina jambo gani na majahazi?

Jibu limo kinywani mwako. Unapopanda matatu kwenda Nanyuki hulipa nauli, na nauli katika asili yake ni malipo ya kuchukuliwa katika chombo cha bahari. Dereva wako ameshika usukani. Usukani wa kwanza haukuwa gurudumu la gari, bali ubao mzito uliotiwa nyuma ya chombo ili kukiongoza majini. Timu ya mpira ya shule yako ina nahodha. Neno hilo limetoka katika Kiajemi, na maana yake ni bwana wa chombo. Watu wanapotaka kusema kwamba taifa linajua liendako, husema lina dira. Mwili wa Kiswahili ni wa Kibantu, lakini maneno haya, pamoja na mengi mengine, yaliingia katika lugha kwa mlango mmoja, nao ni mlango wa bandari. Yalipanda mlima mpaka kwako yakiwa yamekwisha sahau harufu ya chumvi.

Katika kurasa hizi nataka kukuonyesha jinsi mlango huo ulivyofunguliwa. Haukufunguliwa na mwendo wa vyombo peke yake, maana chombo kinachopita mbali hakiachi neno. Ulifunguliwa na kungoja. Na tukifika katika habari za injini, utaona ni kitu gani kilichopatikana, na ni kitu gani kilichopotea, siku wanadamu walipoacha kungoja.

Kwanza jifunze pepo. Bahari ya Hindi ina pepo mbili kuu zinazopokezana zamu kama walinzi wa lango. Asia ni bara kubwa sana. Katika miezi ya baridi ya huko, nchi hupoa kuliko bahari. Hewa nzito ya baridi hutiririka kutoka bara kuelekea baharini, ikavuma pwani yetu ikitoka upande wa kaskazini na mashariki. Huo ndio upepo wa kaskazi, nao hutawala tangu Desemba hivi hadi Machi. Katika miezi ya joto mambo hugeuka: nchi ya Asia huwaka, hewa yake hupanda juu, na hewa ya baharini kutoka kusini hukimbilia kujaza nafasi iliyoachwa. Huo ni upepo wa kusi, ambao huvuma tangu Aprili hadi Septemba hivi. Wewe pia unazijua pepo hizi, ingawa kwa njia nyingine. Zinapopokezana, ndipo mvua za masika na za vuli zinapokuja katika nchi yetu. Mkulima wa Timau anayetazama mawingu mwezi wa Machi, na nahodha anayetazama bendera ya chombo chake mwezi uo huo, wanangoja badiliko moja.

Chombo cha tanga kilichotoka Arabuni au Ghuba ya Uajemi kilikuja pwani yetu kwa kaskazi, wala hakikuweza kurudi mpaka kaskazi ikome na kusi ianze. Na kusi yenyewe inapokuwa katika nguvu zake, mwezi wa Juni na Julai, bahari huchafuka hata manahodha wenye hekima wakakaa bandarini. Basi ilikuwa lazima ama kuondoka mapema, kusi inapoanza, ama kukaa mpaka ipungue mwezi wa Agosti na Septemba. Kwa hiyo mgeni alikaa pwani miezi miwili, au mitatu, au zaidi. Mtu hawezi kukaa muda huo kama jiwe. Hapana budi apange chumba, akope, alipe, augue na kuuguzwa, agombane na kupatanishwa. Hapana budi ajifunze kuomba maji, kununua samaki na kumwamkia mzee wa nyumba. Wengine walioa, na watoto wao wakawa na babu ng'ambo zote mbili za bahari.

Jambo hili ni la kale mno. Katika karne ya kwanza B.K., mfanya biashara mmoja aliyetoka Misri, aliyeandika kwa Kiyunani, alitunga kitabu cha kuwaongoza mabaharia wa bahari hizi. Kitabu hicho hujulikana kwa jina la Periplus. Ndani yake ametaja mji wa pwani yetu ulioitwa Rhapta, na vyombo ambavyo mbao zake hazikupigiliwa misumari bali zilishonwa kwa kamba. Lakini lililo kubwa kwetu ni jingine. Anasimulia kwamba manahodha wa Kiarabu waliokuja huko waliijua pwani, walioa kwa wenyeji, na walifahamu lugha yao. Angalia sana, msomaji: karibu miaka 2000 iliyopita, mtu aliyetaka kueleza ni nani aliyefanikiwa katika pwani hii hakutaja ukubwa wa chombo chake. Alitaja ndoa na lugha.

Na ukitaka kuona bei ya kutokungoja, soma habari za Vasco da Gama. Mreno huyu alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498. Mfalme wa Malindi alimpokea vizuri, akampa rubani aliyeijua njia ya Bara Hindi. Waling'oa nanga tarehe 24 Aprili, kusi ikianza kuvuma nyuma yao, na baada ya siku 23 waliona nchi ya Bara Hindi. Lakini wakati wa kurudi Da Gama hakuwa na subira. Aliondoka upande wa Bara Hindi mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi ilipokuwa haijasimama, bila ya rubani aliyemsikiliza. Bahari ile ile iliyovukwa kwa siku 23 ilimchukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wakavimba fizi na miguu kwa kukosa chakula kibichi. Wengi wakafa wakatoswa majini. Walipofika Malindi tena, Januari 1499, watu waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vyote, na chombo kimoja, São Rafael, kilitiwa moto karibu na pwani yetu kwa kukosa mabaharia. Upepo haukumchukia Da Gama, wala haukumpenda. Ulikuwa na zamu yake tu.

Sasa njoo tuingie chomboni tuone watu walivyoishi. Jahazi kubwa la bahari kuu lilikuwa kijiji kizima kilichobanwa katika mbao. Mbele ni omo, nyuma ni tezi, na chini kabisa ni ngama, mahali maji yanayovuja yanapokusanyika. Maji hayo yalitekwa na kumwagwa mchana na usiku, zamu kwa zamu; ndiyo sababu wahenga wakasema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtu atatembea mbele na nyuma apendavyo, atajivuna juu ya sitaha, lakini mwisho kazi ile nzito ya chini inamngoja. Nahodha alikaa tezi, karibu na dira na mshika usukani. Chini yake alikuwapo serahangi, msimamizi wa mabaharia na kazi zao. Jiko lilikuwa sanduku lililotiwa mchanga, moto wa kuni ukawashwa juu yake. Chakula kilikuwa wali, samaki, tende na mkate. Maji ya kunywa yalipimwa, na aliyeyamwaga alitazamwa kwa jicho baya. Choo kilikuwa kisanduku kilichoning'inizwa nje ya ubavu wa chombo, juu ya mawimbi. Kitanda kilikuwa mahali po pote palipobaki juu ya shehena. Na chombo kilipokaa bandarini hakikulala: kilikokotwa mpaka pwani, maji yakapwa, mabaharia wakaziba nyufa zake kwa pamba iliyotiwa mafuta, wakapaka sifa, yaani mafuta ya papa, na chini wakapaka deheni ya shahamu na chokaa ili fukusi wa baharini wasile mbao.

Tunayajua maisha haya vizuri kwa sababu mtu mmoja aliyaishi akayaandika. Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda jahazi la Kuwait katika bandari ya Aden mwezi wa Desemba 1938. Nahodha wake aliitwa Ali bin Nasr al-Najdi. Walishuka na kaskazi wakipita pwani ya Somalia, wakafika Lamu, Mombasa na Unguja, kisha wakaingia katika delta ya Rufiji kukata boriti za mikoko. Huko waliishi matopeni, katikati ya mbu, mpaka jahazi lilipojaa. Ndipo kusi ikawarudisha Kuwait mwaka 1939. Villiers aliyekuwa amezoea meli kubwa za Ulaya alistaajabu kuona jahazi lisilo na mtambo wo wote likiongozwa na watu walioisoma pwani kama wewe unavyosoma ubao wa darasani. Alistaajabu pia kuona kwamba katika kila bandari nahodha alikuwa na rafiki, mdeni au jamaa. Safari ilikuwa ya biashara, lakini biashara yenyewe ilisimama juu ya kujuana.

Lakini historia si ngano ya kusifu wakati uliopita, na mwalimu anayeficha nusu ya habari amewaibia wanafunzi wake. Pepo zile zile zilizoleta tende na nguo zilichukua pia binadamu. Watu waliotekwa bara walisukumwa ndani ya majahazi, wakapangwa kama magunia, wakapelekwa Unguja, Pemba, Arabuni na kwingineko. Wao pia waliishi chomboni, nao hawakuwa na nauli wala marejeo. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Unguja likafungwa. Hata hivyo vyombo viliendelea kusafirisha watu kwa siri, usiku, hasa kuelekea Pemba, ambako mashamba ya karafuu yalitaka wafanya kazi.

Hapo ndipo injini inapoingia katika hadithi yetu. Mwaka 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa, na meli za moshi za Ulaya zikapata njia fupi ya kuja huku. Kuanzia 1872 meli za barua za kampuni ya British India zilianza kuja Unguja kutoka Aden kila mwezi. Soma tena maneno hayo: kila mwezi. Sasa chombo kilikuja pwani yetu bila ya kumwuliza kaskazi wala kusi. Barua iliyongoja nusu ya mwaka sasa ilipata jibu upesi. Bei za Bombay na London zikajulikana Unguja, na mfanya biashara aliyetegemea upepo akaanza kuonekana mzembe, ingawa hakuwa mzembe hata kidogo.

Wanamaji wa Uingereza nao waliitumia injini katika kuwinda vyombo vya watumwa. Kuanzia 1874, kwa muda wa karibu miaka 10, meli kuukuu ya vita iliyoitwa London ilitia nanga katika bandari ya Unguja ikawa kama nyumba yao juu ya maji. Kutoka hapo mashua zao, nyingine za makasia na matanga, nyingine zenye injini ndogo za moshi, zilizunguka Pemba na visiwa vyake kwa siku nyingi. Watu walipika, wakalala na kuugua homa katika mashua hizo hizo, wakijificha kwenye mikoko ili kuvizia jahazi linalopita. Usidhani kwamba injini iliwapa ushindi mwepesi. Mapema Desemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg, mkuu wa meli ya London, alikuwa katika mashua ya moshi karibu na Pemba alipolikaribia jahazi lenye bendera ya Ufaransa, akitaka kutazama hati zake. Ndani yake mlikuwa na watumwa, na wenye jahazi walikuwa na silaha. Walimshambulia yeye na watu wake wachache, wakamwua. Moshi uliweza kumpeleka mtu mbele ya hatari upesi. Haukuweza kumwambia ni nini kilichofichwa chini ya sitaha.

Sasa sikiliza kisa cha Sultani na meli yake, kwa kuwa ndani yake mna fundisho kwa kila taifa changa. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja. Iling'oa mikarafuu na kuvunja vyombo vingi bandarini, pamoja na meli za Sultani Barghash. Alipotaka kuijenga upya nguvu yake ya baharini, aliagiza Uingereza meli ya fahari kwa mfano wa manowari ya Kiingereza aliyoiona ikapendeza machoni pake. Manowari hiyo iliitwa Glasgow, na meli ya Sultani ikapewa jina lilo hilo. Ilikamilika mwaka 1878 ikaletwa Unguja. Ilikuwa na milingoti mitatu kwa ajili ya matanga, injini ya moshi, vyumba vya kifalme na mizinga. Kwa maneno ya leo ilikuwa meli ya anasa ya mfalme, chombo cha kuishi na kutembelea pwani yake.

Je, Sultani aliizunguka pwani yake ndani yake? La. Haikumpendeza kama alivyotazamia, nayo kwa miaka mingi ilikaa bandarini mbele ya jumba lake kama pambo. Barghash hakuwa mtu mjinga. Alinunua pia meli za moshi za biashara ambazo zilisafiri mpaka Bombay, na biashara hiyo ilikuwa na maana. Lakini hebu pima tofauti ya vyombo viwili. Jahazi lilitengenezwa kwa miti, pamba na kamba, na mafundi wa kulitengeneza walikuwapo Lamu na Unguja. Likivunjika, fundi aliitwa kwa jina. Meli ya injini ilitaka makaa ya mawe kutoka ng'ambo, vyuma kutoka ng'ambo, na mhandisi aliyefundishwa ng'ambo. Mwenye jahazi alikuwa mtumwa wa upepo, lakini upepo hauuzwi. Mwenye injini alijiweka huru na upepo, akawa mdeni wa yule auzaye makaa.

Mwisho wa Glasgow ulikuwa wa huzuni. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila ya idhini ya Waingereza. Manowari tano za Kiingereza zilipangwa mbele ya mji. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti, muda waliompa ulipokwisha saa tatu, walianza kupiga mizinga. Glasgow peke yake, bila ya tumaini, ilijibu kwa mizinga yake midogo. Manowari kubwa, St George, iliizamisha. Mabaharia wake waliinua bendera ya kusalimu amri, na mashua za adui yao zikawaokoa. Vita vyenyewe havikufika saa moja, na hutajwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia. Kwa miaka mingi milingoti ya Glasgow ilibaki imechomoza juu ya maji ya bandari, mpaka mabaki yake yalipovunjwa mwaka 1912. Wageni waliofika Unguja wakati huo waliiona kwanza milingoti hiyo. Fahari iliyonunuliwa bila ya maarifa ya kuitengeneza na bila ya uwezo wa kuilinda ilikuwa imegeuka alama ya kuonya.

Hata hivyo jahazi halikufa siku ile. Liliishi na meli za moshi kwa miaka mingi, maana lilichukua mizigo midogo na kuingia katika bandari ndogo ambazo meli kubwa hazikuzitaka. Kilicholiua jahazi la bahari kuu kilikuwa mafuta. Kuwait ilianza kuuza mafuta yake nje mwaka 1946. Vijana ambao baba zao walikuwa mabaharia walipata kazi nchi kavu, zenye mshahara wa kila mwezi na kitanda kisichoyumba. Vyombo vilivyobaki vilitiwa injini za dizeli. Tazama jinsi mambo yanavyogeuka: nchi zilizokuwa zikitoa manahodha zikawa zinatoa kinywaji cha injini. Nahodha al-Najdi mwenyewe aliishi mpaka akayaona hayo yote. Mwaka 1979, akiwa mzee, alikwenda kuvua samaki kwa starehe yake. Dhoruba ikamkuta, asirudi. Mwandishi wa Kuwait, Taleb Alrefai, amezitungia riwaya saa zake za mwisho.

Leo ukienda katika hori ya Kilifi au ya Mtwapa, utaona boti za kisasa zimetia nanga, nyingine za matanga, nyingine za injini. Boti ya anasa yenye injini ni nyumba kamili: ina vyumba vya kulala, jokofu, jiko la gesi, choo cha maji, taa za umeme, na mtambo unaopokea habari za setilaiti ukaonyesha mahali chombo kilipo, usiku na mchana. Wako watu wanaoishi ndani ya boti za namna hii miezi na miaka, wakitembea kutoka bandari moja hadi nyingine. Wanaweza kuiona pwani yote, tangu Kiunga hadi Mtwara, bila ya kumwuliza mtu njia. Wala usidhani kwamba wameiacha kabisa hekima ya zamani. Mwenye boti mwenye akili hutazama kalenda ya kaskazi na kusi kama alivyofanya al-Najdi, maana injini hushindana na wimbi kwa kuunguza mafuta, na mafuta ni fedha. Kupwa na kujaa kwa maji nako hakujapata kutii mtambo wo wote.

Basi tuhesabu faida na hasara kwa haki. Injini imeleta faida kubwa, na asiyeikiri ni mtu asiyejapata kuugua kisiwani. Mama mwenye uchungu wa kuzaa katika kisiwa cha Pate, au mvuvi aliyevunjika mguu, sasa hupelekwa Lamu kwa boti ya injini, hangojei upepo ugeuke. Mvuvi huiwahi dhoruba akarudi nyumbani. Barua, dawa na vitabu hufika kwa wakati. Ni nani angetaka kurudisha siku ambazo mtu alikufa kwa sababu tanga lilikuwa limelala?

Hasara yake haionekani upesi. Mtu asiyelazimika kungoja halazimiki kujuana. Mwenye boti anaweza kutia nanga jioni, akajaza mafuta asubuhi, akaondoka saa sita, asijue jina la mtu hata mmoja wa mji ule. Ameuona msikiti, hakuusikia ukiadhiniwa siku arobaini. Amempiga picha fundi wa jahazi, hakumwuliza mbao hizi ni za mti gani. Nahodha wa zamani hakuwa mwema kuliko yeye. Upepo tu ulimlazimisha akae, na kukaa kukamfundisha. Tangu injini ituondolee lazima hiyo, kukaa na kujifunza kumekuwa jambo la hiari, nasi tunajua, hasa sisi walimu, jinsi wanadamu wanavyoyatendea mambo ya hiari.

Utaniuliza tena: haya yananihusu nini, nami niko Timau? Yanakuhusu sana, pengine kuliko yalivyomhusu babu yako. Toka Timau uteremke kwa gari kuelekea Isiolo, mwendo mfupi usiofika saa mbili. Mwaka 2012 ulizinduliwa mpango mkubwa, uitwao LAPSSET, wa kuunganisha bandari mpya ya Lamu na Isiolo, na kutoka Isiolo kwenda mbele hadi Ethiopia na Sudan Kusini. Gati la kwanza la bandari hiyo lilianza kazi tarehe 20 Mei 2021. Mji ule ambao majahazi yaliufikia kwa upepo, sasa unaitwa kwa barabara na mlima wako. Vijana wa bara watakwenda Lamu kwa kazi na biashara kwa wingi ambao haujapata kuonekana, nao watakwenda kwa injini. Watafika kwa siku moja. Hawatakuwa na kaskazi wa kuwazuia miezi mitatu mpaka wajifunze kumwamkia mzee wa nyumba.

Kwa hiyo shauri ni lako. Unaweza kwenda pwani kama Glasgow, chombo kizuri kilichotia nanga mbele ya jumba kikakaa bila ya kazi. Unaweza kwenda kama Da Gama aliporudi, mwenye haraka asiyesikiliza. Au unaweza kwenda kama manahodha wale wa kale ambao mwandishi wa Periplus aliwataja kwa sababu waliijua nchi na kuifahamu lugha ya watu wake. Upepo hautakulazimisha tena. Itakubidi ujilazimishe mwenyewe. Utakapokwenda, usiwe na haraka ya kurudi. Kaa siku moja zaidi ya ile uliyokusudia. Muulize fundi jina la kila ubao, muulize mvuvi jina la kila upepo, uyaandike katika daftari lako na kuyaleta mlimani. Maneno ya bahari yalikuja Timau bila ya wewe kuyaita, ukayatumia maisha yako yote bila ya kuyashukuru. Ni haki sasa uende kuyaamkia kwao.